Assisi ya bondeni na Assisi ya kilimani

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanaparokia wa Ifakara. Mwakani kikundi chetu kitakwenda kuhiji Italia, na ratiba inatupa siku moja na nusu tu mjini Assisi. Paroko ametuambia kwamba tutapaona mahali alipoishi na kusali Mtakatifu Fransisko. Jirani yangu mmoja aliyesoma Ulaya ananicheka. Anasema karibu kila kitu pale kilijengwa baada ya Fransisko kufa, na kwamba mwenyewe angelia machozi kuiona basilika ile yenye jina lake. Nani mkweli kati yao? Na kwa muda huo mfupi, tuangalie nini?

Jibu: Marahaba. Paroko wako amesema kweli na jirani yako amesema kweli, ila mmoja ameuangalia mji kutoka chini na mwingine ameuangalia kutoka juu. Assisi umejengwa kwenye ubavu wa mlima Subasio, katika mkoa wa Umbria, kwa mawe meupe na ya rangi ya waridi yaliyochongwa mlimani humo humo. Mahali ambapo Fransisko aliishi hasa, na ambapo baadhi ya kuta alizozishika kwa mikono yake bado zimesimama, pako nje ya kuta za mji, mengi yake huko bondeni. Yaliyo juu, ndani ya kuta na kwenye ncha ya magharibi ya kilima, kwa sehemu kubwa ni yale aliyojengewa na wengine. Ukikumbuka mgawanyo huo mmoja, hutapotea hata kama kiongozi wa msafara anawakimbiza.

Mgawanyo wenyewe haukutokea kwa bahati. Fransisko alizaliwa mwaka 1181 au 1182, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa, katika mji uliokuwa ukipigana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1198 wananchi waliibomoa ngome iliyokuwa juu ya kilima, alama ya utawala wa Kaisari. Kwa hiyo ile ngome kubwa mtakayoiona juu ya mapaa, Rocca Maggiore, si ile ya utoto wake bali ilijengwa upya baada ya mwaka 1360. Baadhi ya makabaila walikimbilia Perugia, mji jirani na hasimu, na mwaka 1202 Fransisko kijana alikwenda vitani upande wa Assisi, wakashindwa huko Collestrada, naye akakaa kifungoni Perugia kwa muda wa mwaka hivi. Hati ya mapatano ya mwaka 1210 inawataja watu wa mji kwa makundi mawili ya Kilatini, maiores na minores, yaani wakubwa na wadogo. Makabaila walikaa sehemu ya juu, karibu na kanisa kuu la San Rufino, na huko ndiko alikozaliwa Klara, binti ambaye baadaye angemfuata Fransisko katika ufukara. Wafanyabiashara na mafundi walikaa chini yao. Na waliokuwa chini ya wote, wagonjwa wa ukoma, hawakuruhusiwa kukaa ndani ya kuta, wakawekwa bondeni. Fransisko alipoandika Wosia wake mwaka 1226, hakuanza habari za wongofu wake kwa ndoto wala kwa sauti. Alianza na wagonjwa hao. Alikwenda chini kwa sababu watu aliowatafuta walikuwa chini, na kundi lake akaliita Ndugu Wadogo. Kiswahili chetu, kwa mara moja, kinaibeba maana hiyo vizuri kuliko lugha nyingi.

Basi anzeni bondeni. Kituo cha treni kiko huko huko, katika kitongoji cha Santa Maria degli Angeli, kama kilomita nne kutoka mji wa juu, kwa hiyo hata jiografia inawasaidia. Mtaona kwanza basilika kubwa mno, moja ya makanisa makubwa ya dunia, iliyoanza kujengwa mwaka 1569 na kumalizika mwaka 1679, kisha ikaangushwa sehemu kubwa na tetemeko la mwaka 1832 na kujengwa tena. Msiishangae sana. Ingieni, mtembee hadi chini ya kuba, na hapo mtakuta kanisa ndani ya kanisa: kijumba cha mawe kinachoitwa Porziuncola. Kilikuwa mali ya wamonaki Wabenedikto wa mlima Subasio, nao wakamruhusu Fransisko na wenzake kukitumia. Masimulizi ya kale ya ndugu yanasema kwamba Fransisko alikataa kupewa kijumba hicho kiwe chake, akasisitiza kulipa kodi kila mwaka, kikapu cha samaki wadogo, na wamonaki wakamjibu kwa mtungi wa mafuta. Hapo ndipo Klara alipopokelewa usiku wa Jumapili ya Matawi, na ni hatua chache kutoka hapo, katika chumba cha wagonjwa kilichohifadhiwa kama kikanisa, ndipo Fransisko alipofariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226.

Hata hapo jirani yako ana neno. Picha iliyo mbele ya Porziuncola, juu ya mlango, ilichorwa mwaka 1829 na Mjerumani, Friedrich Overbeck, na picha za ndani, nyuma ya altare, ni za mwaka 1393. Kijumba cha maskini kimevishwa nguo za heshima mara kadhaa. Lakini angalieni kuta za pembeni, ambako mawe yameachwa wazi, yasiyo na lipu wala mapambo. Huo ndio ukuta. Mimi binafsi nikiulizwa jiwe moja la Assisi ambalo ningetaka kuwekea kiganja, ni hilo, wala si jiwe lolote la kule juu.

San Damiano ni pa pili. Pako nje kidogo ya lango la kusini, kama robo saa ya kushuka kwa miguu kutoka kanisa la Mtakatifu Klara, katikati ya mizeituni. Kupanda kurudi ni kazi, wazee wenu watafutiwe gari. Kanisa hili lilikuwa gofu Fransisko alipoingia kusali, mwaka 1205 au 1206, mbele ya msalaba uliochorwa, na akasikia akiambiwa aitengeneze nyumba inayobomoka. Aliyaelewa maneno hayo kama fundi mwashi angeyaelewa, akaanza kuokota mawe. Klara aliishi hapo na dada zake kuanzia mwaka 1212 hadi alipokufa mwaka 1253. Chumba walicholala, ukumbi wa chakula na kikanisa chao vimebaki katika hali ambayo hata mimi, ambaye kazi yangu ni kutilia shaka, sina la kuongeza. Ni hapo pia ambapo Fransisko, akiwa mgonjwa na karibu kipofu, alitunga mwaka 1225 wimbo wake wa kumsifu Mungu kwa ajili ya ndugu jua na dada mwezi, kwa lugha ya kawaida ya watu wa Umbria na si kwa Kilatini. Jambo moja la kuwaonya: msalaba mtakaouona San Damiano ni nakala. Ule wa asili, kazi ya karne ya 12, Waklara, yaani dada wa shirika la Klara, waliuchukua walipohamia ndani ya mji, na sasa umetundikwa katika kikanisa cha pembeni ndani ya basilika ya Mtakatifu Klara. Mahujaji wengi husali kwa machozi mbele ya nakala, kisha huupita wa asili bila kujua, kwa kuwa basi linapiga honi.

Kuhusu Rivotorto, pale alipoishi na wenzake wa kwanza kibandani, kanisa mnaloliona ni la karne ya 19. Mkikosa muda, lirukeni. Carceri, mapango ya sala ndani ya msitu wa Subasio, ni pazuri sana lakini patawachukua nusu siku nzima.

Sasa basilika yenyewe, ambayo ndiyo iliyomchokoza jirani yako. Fransisko alitangazwa mtakatifu tarehe 16 Julai 1228, hata miaka miwili haijatimia tangu afariki, na kesho yake Papa Gregori IX, aliyekuwa rafiki yake, akaweka jiwe la msingi. Kiwanja kilitolewa na mwananchi wa mji kwenye ncha ya kilima palipoitwa Kilima cha Jehanamu. Jina likabadilishwa kuwa Kilima cha Paradiso. Pande hizo kilima kinateremka ghafla, ndiyo maana yakajengwa matao makubwa ya kukishikilia, na juu yake yakapandishwa makanisa mawili, moja juu ya jingine: la chini, lenye giza na matao mafupi mazito, kwa ajili ya kaburi, la juu, refu na lenye madirisha makubwa ya vioo vya rangi, ambamo kimewekwa kiti cha enzi cha Papa. Papa Inosenti IV aliliweka wakfu mwaka 1253.

Je, jambo hili lilipatanaje na mtu aliyeandika katika Wosia kwamba ndugu wasikubali kamwe makanisa wala makao wanayojengewa, isipokuwa yanapatana na ufukara mtakatifu walioahidi? Jibu la kisheria ni la werevu, na linaeleza mengi. Kiwanja hakikupokewa kwa jina la ndugu, kilipokewa kwa jina la Papa. Basilika ikawa mali ya Kiti Kitakatifu, na ndugu wakawa wageni ndani yake, wasiomiliki hata jiwe moja. Kisha, tarehe 28 Septemba 1230, Gregori huyo huyo alitoa waraka akisema kwamba Wosia wa Fransisko hauwafungi ndugu kisheria, kwa kuwa aliuandika bila ridhaa yao na hakuwa tena mkuu wao. Kwa maoni yangu, waraka huo ulilijenga jengo lile kuliko waashi walivyolijenga. Bila ya huo, kila taa ya fedha iliyoning'inizwa mle ingekuwa dhambi ya kuungama.

Lakini wapo ndugu ambao hawakuridhika, na ubishi huo haukuisha kwa miaka mia tatu. Wewe unayeandika kutoka Ifakara unaujua mmoja wa matunda yake bila kufahamu: Wakapuchini, tawi lililozaliwa Italia katika miaka ya 1520 kwa nia ya kurudia ufukara wa mwanzo, ndio ambao wenzao kutoka Uswisi walifika Dar es Salaam mwaka 1921, wakaeneza utume wao hadi pande zenu. Ndevu na kofia zile mlizozizoea zinatokana na swali lile lile la jirani yako. Pale Assisi mtaona mgawanyo huo kwa macho: basilika ya kaburi inatunzwa na Wakonventuali, huku Porziuncola na San Damiano zikiwa mikononi mwa tawi jingine la Ndugu Wadogo.

Kaburi nalo lina kisa chake. Mwili ulihamishiwa katika kanisa jipya tarehe 25 Mei 1230, na ndugu Elia, msimamizi wa ujenzi, akauzika chini sana ya altare ya kanisa la chini, ndani ya mwamba, kwa sababu katika zama zile mwili wa mtakatifu ulikuwa utajiri wa kuibwa na Perugia ilikuwa karibu mno. Aliufukia vizuri kiasi kwamba vizazi vilivyofuata havikujua ulipo. Ulipatikana tarehe 12 Desemba 1818, baada ya kuchimba kwa siri usiku 52. Kwa hiyo kwa karibu miaka 600 mahujaji walisali juu ya kaburi ambalo hakuna aliyeliona. Chumba cha chini mtakachoshukia kwa ngazi kina miaka isiyozidi mia moja tu. Cha kwanza, cha karne ya 19, kilikuwa na marumaru nyingi zisizopendeza, kikabadilishwa kati ya mwaka 1925 na 1932 kikawa cha mawe matupu. Katikati mtaliona sanduku la jiwe lililofungwa kwa nondo za chuma, na katika pembe wamezikwa wenzake wanne: Leo, Rufino, Angelo na Masseo.

Mkiingia kanisa la juu, kumbukeni jinsi mlivyofundishwa kusoma Njia ya Msalaba, kwa maana kuta zinasomwa hivyo hivyo. Picha 28 za maisha ya Fransisko zimezunguka sehemu ya chini ya kuta zote mbili na mlango. Wataalamu wanabishana kama ni mkono wa Giotto au wa wachoraji wa Roma. Mimi naona mikono ni zaidi ya mmoja, na sidhani ubishi huo unawahusu sana mahujaji. Linalowahusu ni hili: picha zile zinafuata maisha rasmi ya Fransisko yaliyoandikwa na Bonaventura, mkuu wa shirika, na mwaka 1266 shirika liliamuru maandishi ya zamani zaidi yateketezwe. Mnachokiona ukutani ni Fransisko aliyeidhinishwa. Chukua mfano wa picha ya Fransisko mbele ya Sultani. Ni kweli kwamba mwaka 1219, wakati jeshi la msalaba limeuzingira mji wa Damietta nchini Misri, Fransisko alivuka kwenda kambini kwa Sultani al-Malik al-Kamil. Askofu Jacques de Vitry, aliyekuwako vitani siku zile, aliandika tu kwamba Sultani alimsikiliza na kumrudisha salama. Moto ambao kwenye picha Fransisko anajitolea kuupita, huku wanazuoni wa Sultani wakitoroka, umeingizwa na Bonaventura zaidi ya miaka arobaini baadaye. Wasomaji wetu Waislamu wa Pwani, wanaoniuliza mara kwa mara kuhusu picha hiyo, nawajibu kwamba ushuhuda wa kwanza ni wa adabu pande zote mbili. Ndani ya basilika imehifadhiwa pembe ya ndovu ambayo mapokeo yanasema Sultani alimpa Fransisko, akawa anaitumia kuwaita watu kusikiliza mahubiri.

Tazameni pia picha ya kwanza kabisa, yule mtu wa kawaida akimtandikia Fransisko joho lake njiani. Nyuma yao limechorwa hekalu la Kirumi la Minerva, ambalo bado lipo katika uwanja wa mji. Mchoraji amelipa nguzo tano nyembamba ilhali zipo sita, na madirisha ameyatia nondo, kwa kuwa wakati huo jengo lilikuwa gereza. Katika karne ya 16 liligeuzwa kanisa la Bikira Maria. Mshairi Goethe alipopita mwaka 1786 alilisifu hekalu hilo na kuipa basilika kisogo, jambo linaloonyesha kwamba watu hawakuanza leo kugombana kuhusu kipi cha kuangalia Assisi.

Katika kanisa hilo hilo la juu, karibu na altare, kuna picha za Cimabue ambazo zitawashtua: nyuso ni nyeusi na vivuli ni vyeupe, kama negativu ya picha za zamani. Hakukosea. Rangi nyeupe aliyoitumia ilikuwa na madini ya risasi, ambayo ukutani hubadilika na kuwa nyeusi kadiri miaka inavyopita. Juu yenu, mkiona mabaka yasiyo na picha kwenye dari, hayo ni makovu ya tarehe 26 Septemba 1997. Tetemeko la kwanza lilipiga usiku. Asubuhi wataalamu na watawa wakaingia kukagua, na saa tano na dakika 42 likapiga la pili. Dari likaporomoka mahali pawili, watu wanne wakafa. Waliochunguza baadaye walikuta kwamba kifusi kilichokuwa kimerundikana juu ya dari kwa karne nyingi ndicho kilichoyalemea matao yalipotikiswa. Vipande vya picha, makumi ya maelfu, vilichekechwa kutoka kwenye vumbi na kuunganishwa kama mtu anavyounganisha chungu kilichovunjika; baadhi ya watakatifu wamerudi mahali pao, wengine hawatarudi. Kanisa lilifunguliwa tena tarehe 28 Novemba 1999.

San Rufino itawachukua dakika ishirini: ukuta wa mbele ni wa karne ya 12 na 13, wenye wanyama wa mawe wanaong'ata watu, na ndani liko birika la ubatizo walimobatizwa Fransisko na Klara. Mkiwa na vijana, watataka kwenda Santa Maria Maggiore, kanisa kuu la zamani, karibu na pale Fransisko alipovua nguo zake na kumrudishia baba yake mbele ya askofu, kwa sababu huko limo kaburi la Carlo Acutis, kijana aliyefariki mwaka 2006 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Askofu wa mji huo huo wakati wa Vita Kuu ya Pili, Giuseppe Placido Nicolini, aliwaficha Wayahudi katika nyumba za watawa, na mchapishaji wa mji, Luigi Brizi, pamoja na mwanawe wakawachapia vitambulisho bandia. Urithi wa namna hiyo hauna kuba wala picha, na viongozi wa misafara huusahau.

Kuhusu machozi, sidhani jirani yako yuko mbali na ukweli, lakini ameimaliza sentensi yake vibaya. Fransisko aliyeandika Wosia ndiye pia aliyeagiza ndani ya Wosia huo huo kwamba Mwili wa Bwana uwekwe mahali pa thamani. Ufukara aliutaka kwa ndugu, si kwa altare. Kilichomuudhi ni ndugu kuwa na nyumba, na hilo Gregori alilizunguka kwa karatasi.

Ratiba yenu basi iwe hivi: siku ya kwanza asubuhi Porziuncola, mchana San Damiano kisha msalaba wa asili kwa Klara, na nusu siku iliyobaki iwe ya basilika. Kamera mziweke mkobani, kupiga picha ndani hakuruhusiwi. Na kabla hamjatoka kanisa la chini, ulizieni chumba cha masalia, ambacho makundi mengi hukiruka. Mbali na kanzu yake yenye viraka, kimo ndani yake kipande kidogo cha ngozi iliyoandikwa, kilichokunjwa hadi mistari ikachakaa. Mwezi Septemba 1224, juu ya mlima La Verna, ndugu Leo alikuwa na majonzi akataka neno la kumfariji, na Fransisko akamwandikia kwa mkono wake mwenyewe: upande mmoja sifa za Mungu, upande wa pili baraka na alama ya msalaba wenye umbo la herufi T. Leo aliandika pembeni kwa wino mwekundu kueleza nani aliyeandika na lini, kisha akatembea na ngozi hiyo maisha yake yote, zaidi ya miaka arobaini. Mikunjo mtakayoiona ni ya Leo. Mwandiko mbaya mbaya, wa mtu asiyezoea kalamu, ni wa Fransisko.